Kazi zikirudi, raisi anabaki? Maneno niliyosema mbele ya vijana wa Katuba, Lubumbashi

Ba papa, ba mama, ba ndugu vijana, jambo kwenu wote. Waliniomba niseme juu ya kazi na siasa ya uraisi, alafu mimi nikaamua kuanzia mbali, Marekani, na naona tayari wenye wananuna pale nyuma, wanajiuliza huyu papa anatuletea mambo ya wazungu wakati bukari (ugali) ya jioni haijulikani itatoka wapi. Mnivumilie. Naanzia kule juu kule wako na kitu kimoja sisi hatuna. Kila mwezi, mara nyingi ijumaa ya kwanza, saa mbili na nusu asubuhi ya Washington, ofisi moja ya leta, yaani ya serikali, inatoa namba ya watu wasio na kazi, na raisi mwenyewe, na ndege zake na majeshi yake yote, anaingojea namba ile kama mtoto wa sizyeme anavyongojea matokeo ya Exetat, mtihani wa leta wa kumaliza sekondari. Yeye anaonyeshwa jioni ya mbele yake, sawa, lakini kuibadilisha hawezi.

Namna wanavyohesabu inafaa tuiangalie karibu juu watu wengi wanaongea namba hizi bila kujua zinatoka wapi. Kila mwezi wanauliza nyumba kama 60,000. Swali la kwanza: wiki ile ulifanya kazi ya kukuingizia makuta, hata saa moja? Ukisema ndiyo, wewe ni mfanyakazi, imeisha. Ukisema hapana, wanakuuliza: kwa wiki nne zilizopita ulitafuta? Ulipeleka dosie, ulipiga simu, ulienda kuonana na patron? Ukisema nilitafuta, wewe ni shomeri, mtu asiye na kazi. Ukisema nilichoka, niliacha kutafuta, basi wanakutoa, hauko kati ya wafanyakazi, hauko kati ya ma-shomeri, uko tu nyumbani kwako.

Sasa lete maswali yale hapa Katuba. Mama wa makala barabarani, alipata kidogo jana? Mfanyakazi. Kijana anayeuza unite za simu chini ya mwavuli, huyu pia. Yule anayebadilisha dola pale kona, mfanyakazi. Na yule mwenye diplome ya UNILU, iniversite ya Lubumbashi, mwenye alipeleka dosie miaka yote mpaka akakata tamaa akaacha, yeye hata hahesabiwi. Donki kwa kipimo kile Lubumbashi karibu haina ma-shomeri! Mnacheka, lakini mkumbuke hiki kicheko, juu kinaeleza mambo mengi ya mbele. Namba ya shomaji, ya kukosa kazi, inapima kitu kimoja: watu wenye wanagonga mlango wa kazi na mlango haufunguki. Nchi ambayo milango yenyewe ni michache, namba hiyo inatoka ndogo, na njaa inabaki kubwa.

Bon. Twende kwa ma-raisi.

Watu wanapenda kusema shomaji ikiwa juu raisi anaanguka, ikiwa chini anabaki. Si kweli, au tuseme ni kweli nusu. Angalieni Jimmy Carter na Ronald Reagan. Carter aliingia Januari 1977 shomaji ikiwa 7.5%. Katikati ya mandat yake ilishuka vizuri, 1979 ilifika chini ya 6%, watu walikuwa wanapata kazi, na kama uchaguzi ungekuwa mwaka ule labda tungekuwa tunasema mengine. Lakini 1980 ikapanda tena, bei za vitu nazo zilikuwa zinakimbia zaidi ya 12% kwa mwaka, na juu ya yote kulikuwa na wamarekani walioshikwa mateka kule Iran, basi siku ya kura Novemba 1980 shomaji ilikuwa 7.5%, namba ileile aliyoikuta, na akaanguka vibaya. Reagan kwenye debat alikuwa amewauliza wananchi kama hali yao ni nzuri kuliko miaka minne nyuma. Swali tu. Hakuhitaji kumaliza.

Alafu Reagan naye akaingia, na kwake mambo yakawa mabaya zaidi kwanza. Mwisho wa 1982 shomaji ilifika 10.8%, viwanda vinafungwa, watu wanalala kwenye magari yao. Banki kubwa ya leta, ile wanaita Fed, ilikuwa imepandisha riba juu sana ili kuua upandaji wa bei, na dawa ile iliua kazi pia. Wakati riba ilipoanza kushushwa, kazi zikaanza kurudi, 1983 kidogo, 1984 kwa kasi, na siku ya kura Novemba 1984 shomaji ilikuwa 7.2%. Unaona? 7.5% ilimwangusha Carter. 7.2%, tofauti ya vidole vitatu tu, ilimpa Reagan majimbo 49 kati ya 50.

Sasa kwa nini? Juu mpiga kura hapimi mahali namba iko, anapima inaenda wapi. Kama mwaka jana shemeji yako alikuwa nyumbani na mwaka huu amerudi kazini, wewe mwenyewe mwenye hujapata bado unaona zamu yako inakuja. Kama mwaka jana alikuwa kazini na mwaka huu amerudishwa nyumbani, hata wewe uliye na kazi unalala vibaya. Hofu na tumaini vinasambaa mbali kuliko shomaji yenyewe, vinaingia mpaka kwa nyumba ya mwenye mshahara.

Franklin Roosevelt njo mfano mkubwa wa jambo hili. Aliingia 1933, karibu mtu mmoja kwa wanne hakuwa na kazi. 1936 akarudi kwa wananchi, na shomaji ilikuwa bado juu sana, hesabu nyingi zinaiweka karibu 17%, namba ambayo leo raisi yeyote wa Ulaya angekimbia usiku. Akachukua majimbo 46 kati ya 48. Watu waliona inashuka, na waliona kwa macho nani alikuwa anawapa jembe na posho ya kujenga barabara na shule.

Lakini kuna raisi mmoja mimi namwonea huruma kidogo, George Bush baba. Uchumi wake ulianguka 1990, ukaanza kuinuka Machi 1991, hiyo ni hesabu ya watalamu wenyewe, na walikuja kuitangaza Desemba 1992, zaidi ya mwezi mmoja nyuma ya uchaguzi aliokuwa ameshaupoteza! Maneno yalichelewa, lakini hata yangekuja mapema sijui yangemsaidia nini, juu uchumi uliinuka na kazi hazikuinuka. Shomaji iliendelea kupanda mpaka 7.8% Juni 1992. Bill Clinton akaendesha kampanye yake yote juu ya uchumi, na akashinda.

Hapa naomba tusimame kidogo juu ni hapa wengi wanapotea. Kazi njo inarudi ya mwisho. Patron akiona bidhaa zinaanza kutoka haiti watu wapya siku ileile. Anaanza na wale alionao, anawaongezea masaa, wapige siplementeri. Alafu anachukua wa kibarua, wa siku, wenye anaweza kuwafukuza jioni. Miezi ikipita na komande zinaendelea kuingia, hapo njo anafungua mlango na kusaini kontra. Na siku mlango unafunguka, wale wenye walikuwa wamekata tamaa wanasikia kwa majirani, wanatoka nyumbani, wanaanza kutafuta tena, na kwa sababu wanatafuta sasa wanahesabiwa shomeri, donki namba inaweza kupanda hata wakati mambo yanakuwa mazuri! Na kinyume chake: namba inaweza kushuka juu watu wamechoka kutafuta. Ninyi mliosimama kwenye porti ya sosiete saa kumi na moja asubuhi na farde kwapani, mnangojea yule anayetoka na listi mkononi, mnajua tofauti ya kibarua na kontra kuliko profesa yeyote. Mimi mwenyewe nilifanya kazi kwa sutretansi moja, kampuni inayopeleka wafanyakazi kwa sosiete nyingine, jina nitaliacha, kontra ya miezi mitatu, inaisha unapumzishwa wiki, unasaini nyingine ya miezi mitatu, miaka inapita na kwenye karatasi wewe ni mgeni kila siku. Kwa namba ya leta nilikuwa mfanyakazi. Kwa banki na kwa baba mkwe nilikuwa shomeri.

Sasa Barack Obama, 2012, juu hapo kuna tamthilia yenyewe. Aliingia Januari 2009 shomaji ikiwa 7.8% na uchumi unaanguka kama jiwe, kila mwezi watu mamia ya maelfu wanapoteza kazi. Oktoba 2009 ikafika 10%. Aliweka mpango wa dola bilioni 787 kusukuma uchumi, akaokoa General Motors na Chrysler na pesa ya leta, lakini watu hawakuona haraka, na Novemba 2010 chama chake kikapoteza viti 63 kwenye bunge. Wengi walisema huyu ni wa mandat moja. Tangu Roosevelt hakuna raisi aliyekuwa amechaguliwa tena na shomaji juu ya 7.2% ile ya Reagan, na wapinzani walikuwa wanaimba namba hiyo kila siku kwenye televizyo.

Oktoba 3, 2012 akafanya debat na mpinzani wake Mitt Romney kule Denver, na alifanya vibaya, alionekana kama mtu mwenye usingizi. Siku mbili nyuma yake, ijumaa Oktoba 5, namba ya Septemba ikatoka: 7.8%. Mara ya kwanza chini ya 8% tangu mwezi ule alioingia. Hapo kelele! Jack Welch, mkubwa wa zamani wa General Electric, akaandika kwenye intaneti kwamba hawa watu wa Chicago, mji wa Obama, wanaweza kufanya lolote, hawawezi debat basi wanabadilisha namba. Hakuleta ushahidi, na hakuna aliyeupata mpaka leo. Namba inatengenezwa na wafanyakazi wa kawaida wa leta ambao raisi hawezi kuwaita usiku akawaambia punguzeni kidogo, na mwezi uliofuata, siku nne tu kabla ya kura, ofisi ileile ilitoa 7.9%, imepanda! Mtu anayeiba namba ili kumsaidia raisi angeiba vizuri zaidi.

Novemba 6 Obama alishinda. Na ukitaka kuona kazi inavyoingia kwenye kura angalia Ohio na Michigan, majimbo ya magari. Romney, na baba yake alikuwa zamani mkubwa wa kampuni ya magari na guvernere wa Michigan hukohuko, aliandika gazetini 2008 kwamba kampuni zile ziache zipitie ufilisi. Labda kihesabu alikuwa na hoja, sitaki kubishana. Lakini mtu wa Ohio mwenye kiwanda chake kilifunguliwa tena hakusoma hoja, alisoma kalenda ya zamu kwenye ukuta wa kazi. Ohio shomaji ilikuwa chini ya wastani wa nchi, na majimbo yote mawili yakaenda kwa Obama.

Msiondoke hapa mkifikiri ni kanuni ya chuma, hapana. 2020 shomaji ilitoka 3.5% mwezi wa pili ikaruka mpaka zaidi ya 14% mwezi wa nne juu ya korona, alafu ikashuka kwa kasi mpaka 6.9% Oktoba. Ilikuwa inashuka, inashuka sana, na Donald Trump akaanguka. Watu walikuwa wanazika. Na 2024 kinyume, shomaji ilikuwa karibu 4%, namba ambayo Carter angeililia, na chama kilichokuwa madarakani kikaanguka, Kamala Harris akapoteza, Trump akarudi. Juu ya nini? Juu ya bei. Katikati ya 2022 bei zilikuwa zimepanda 9.1% kwa mwaka mmoja, alafu zikaacha kukimbia lakini hazikurudi chini. Shomaji inauma mtu mmoja kwa ishirini. Bei inauma kila mama anayeingia soko, mwenye kazi na asiye na kazi. Na hilo sihitaji kuwaeleza watu wa Lubumbashi, siku Zambia inafunga mpaka wa unga na mfuko unapanda kila asubuhi, mtu haulizi habari ya kazi, anauliza bukari.

Haya, turudi kwetu sasa, juu njo nilikuja kusema hii.

Mwaka 1984. Mwaka uleule Reagan anarudishwa na 7.2% yake, hapa Zaire kulikuwa na mambo mawili mwezi wa saba. La kwanza, uchaguzi wa raisi, kandida mmoja, Mobutu, akapata zaidi ya 99%. La pili, tulihesabiwa, watu wote, nchi nzima. Na tangu siku ile mpaka leo hatujahesabiwa tena. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ana miaka zaidi ya 40 na wajukuu labda, na leta haijui hakika tuko wangapi, basi itajuaje wangapi hawana kazi?

Ba papa mnakumbuka miaka ile. Gécamines, sosiete ya leta ya migodi, ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000, na kazi haikuwa mshahara tu, ilikuwa posho, hospitali, masomo ya watoto, kila kitu. Katikati ya miaka ya 80 ilitoa shaba karibu toni 470,000 kwa mwaka. Alafu mgodi wa Kamoto ukaporomoka 1990, mashine zikazeeka, makuta yakaliwa, miezi ya mishahara ikalala, mpaka 2003 ukaja ule mpango wa kuondoka kwa hiari, Banki ya Dunia ikatoa pesa, na watu zaidi ya 10,000 wakapewa bahasha na kuaga. Kwa hiari! Mtu hajalipwa miezi na miezi, unamwekea dola mezani, unaita ile hiari.

Leo shaba imerudi. Imerudi kupita zamani: nchi hii inatoa toni milioni 3 hivi kwa mwaka, ya pili duniani nyuma ya Chile. Kamyo zinajipanga njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, usiku na mchana. Hesabu wenyewe, toni zimefika mara sita za Gécamines ile, na kazi? Shimo ambalo zamani lilikula watu mia leo linakula mashine moja na shoferi wawili wa zamu. Hii njo hali ya Bush baba, uchumi umeinuka na mlango wa kazi umebaki nusu. Tofauti ni kwamba Bush aliadhibiwa, na huku hatuna namba ya kumwonyesha mtu.

Na kuna kitu kingine, tuseme ukweli bila kuogopa: kazi zetu hazipandi na kushuka juu ya raisi. Zinapanda na kushuka na bei ya shaba kwenye soko la London na uhitaji wa wachina. 2008 katikati ya mwaka toni ilikuwa juu ya dola 8,000, Desemba karibu 3,000, na hapa Katanga sosiete zikafunga moja kwa moja, watu wakarudi nyumbani kwa maelfu kabla ya Noeli. Miaka miwili mbele ya hapo, kampanye ya 2006, Joseph Kabila alikuwa ametuletea zile chantiers tano, ahadi zake kubwa tano, na kazi ilikuwa moja ya tano. 2011 tulipopiga kura bei ilikuwa imepanda tena. Sasa kazi zilizorudi zilikuwa zake au za London? Na zile zilizopotea? Hakuna aliyeweza kujibu, na hakuna aliyeuliza sana, tuliulizana nani ni mwana wa wapi. Na 2023 Félix Tshisekedi alipata karibu 73%, Moïse Katumbi wa hapa kwetu karibu 18%, wote wawili waliahidi kazi, na tuliulizana tena nani ni mwana wa wapi.

Konstitisyo yetu, artikel 36, inasema kazi ni haki na wajibu mtakatifu, na leta inatoa garanti ya ulinzi dhidi ya shomaji. Imeandikwa. Lakini garanti ya kitu kisichopimwa utaidai kwa nani, utamwambia umevunja kiasi gani?

Baada ya hapo niliwapa nafasi ya maswali, na kijana mmoja akasimama akaniuliza, papa, hizo namba za Marekani si hata kule wanazibishania, kwa nini sisi tutamani kitu cha kubishania? Nilimjibu kwamba njo hiyo faida yenyewe. Wanabishana juu ya kitu kimoja, kiko mezani, kila mtu anakiona, Jack Welch alipiga kelele na kelele zake zikapimwa zikaonekana tupu. Sisi tunabishana juu ya hewa. Mama mmoja naye akasema lakini kwetu kila mtu anafanya kitu, mtamhesabu nani? Ana haki kabisa, ndiyo maana maswali ya Washington hayatoshi hapa. Tungeongeza mawili ya kwetu: kwa mwezi huu ulipata pesa siku ngapi, na uko na karatasi yenye saini au hauna. Na tuulize yaleyale kila mwezi kwa nyumba zilezile, juu tulishaona, mwelekeo njo unasema.

Hatuhitaji kungoja Kinshasa. Kartye moja, nyumba mia mbili, wanafunzi kumi wa UNILU wenye kalamu na daftari, na namba inabandikwa kwenye ukuta wa komine kila mwisho wa mwezi, kuanzia sasa mpaka kampanye ya 2028, na siku kandida anashuka kwenye gari na tisheti zake tunamwonyesha ukuta kwanza. Tayari vijana saba waliandika majina yao jioni ileile. Wanatafuta watatu, na wanamtaka angalau mmoja anayejua Kibemba vizuri, juu upande wa chini wa kartye ba mama wengi wakubwa wanajibu vizuri zaidi kwa lugha yao.